UZI: Philippe Van Tieghem, Mfaransa aliyepasua mizizi, na jina lake lililobaki kwenye virukia vyetu

Kata Shina (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwenye kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki akifungue kwenye virukia, hii mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine na kuinyonya. Atakutana na Agelanthus Tiegh., Englerina Tiegh., Erianthemum Tiegh., Globimetula Tiegh., Phragmanthera Tiegh., Plicosepalus Tiegh. Akiendelea atapata Oncella, Oncocalyx, Oedina na Oliverella, nazo zina mkia uleule. Kwa utaratibu wa wanabotania, kifupisho kinachokaa nyuma ya jina la mmea ni cha mtu aliyelitoa jina hilo. Tiegh. ni Philippe Van Tieghem, Mfaransa, 1839 hadi 1914.

Ajabu ni kwamba huyu bwana sifa zake hazikutokana na virukia. Alisifika kwa kukata mizizi na mashina vipande vyembamba na kuangalia ndani. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayekariri "epidemisi, koteksi, endodemisi, perisaikeli, zailemu, floemu" anapita njia aliyoichonga yeye, na majina mawili ya somo hilo, stele na perisaikeli, aliyaleta yeye. Kwa anatomia alivikwa kila aina ya heshima. Kwa virukia alipuuzwa, na akaendelea kupuuzwa miaka mingi akiwa kaburini. Mimi nashikilia kwamba ni jicho lilelile lililofanya kazi zote mbili, na upande wa pili ulihukumiwa haraka mno.

Naleta kwa vipande. Vumilieni, nina kazi nyingine zinazonilipa.

Dogo wa PCB

Nimeweka mkeka hapa. Shusha mkuu.

Kata Shina

Alizaliwa tarehe 19 Aprili 1839 huko Bailleul, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa Ufaransa, jirani na mpaka wa Ubelgiji. Ndiyo maana jina lake lina sura ya Kiflamandi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alifariki kwa homa ya manjano huko Martinique, kisiwa cha Karibi, kabla mtoto hajazaliwa, na mama naye hakuchukua muda akafuata. Watoto walikuwa watano. Kwa hiyo huyu ni yatima aliyebebwa na masomo: mwaka 1856 alimaliza mtihani wa sekondari, akaingia École normale supérieure ya Paris, chuo kinachochuja vijana wenye vichwa vyao kutoka Ufaransa nzima.

Hapo alimkuta Louis Pasteur. Pasteur alikuwa msimamizi wa masomo ya sayansi chuoni hapo tangu 1857, na maabara yake ilikuwa palepale. Mjadala uliokuwa unatikisa maabara za Ulaya ulihusu uchachukaji. Kundi moja lilisema ni kemia tupu, vitu vinaozeana vyenyewe. Pasteur akasema hapana, kila uchachukaji una kiumbe hai nyuma yake. Vijana wa maabara wakagawiwa vya kuchunguza, na Van Tieghem akaangukiwa na mkojo. Sitanii. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1864 inahusu jinsi urea inavyogeuka kuwa amonia. Ile harufu inayochoma pua kwenye choo kisichomwagwa maji, alionyesha kwamba ni kazi ya vijidudu.

Baada ya miaka miwili akachukua udaktari wa pili, safari hii wa historia asilia. Kipindi hicho alikuwa anachambua muundo wa ndani wa mimea ya familia ya magimbi. Kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa na miguu miwili, mmoja kwa Pasteur kwenye vijidudu na mwingine kwenye mimea. Mwanzoni alisimamia zaidi ule wa Pasteur.

Mzee wa Maabara

Kata Shina, hapo kwenye vijidudu usipite mbio. Sisi wa maabara tunamjua huyu kwa jina kabla ya kujua kama alikuwa mtu wa mimea. Kuna kitu kinaitwa seli ya Van Tieghem. Unachukua slaidi ya kawaida ya hadubini, unagandisha juu yake pete fupi ya kioo. Kwenye kile kioo chembamba cha kufunikia unaweka tone la chakula pamoja na mbegu ya fangasi, unakigeuza, unakilaza juu ya pete, tone linaning'inia ndani. Chini ya pete unaweka maji kidogo ili hewa isikauke. Basi, unakaa na hadubini unaangalia fangasi mmoja anachipua, anatambaa, anazaa, saa baada ya saa, bila kumgusa na bila mgeni kuingia.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanachukua ukungu kutoka kwenye mkate uliooza, wanaona viumbe vinne tofauti vimechanganyika, wanaandika kwamba ni kiumbe kimoja kinachobadilika maumbo. Makosa ya namna hiyo yalijaa vitabuni. Pete ya kioo ya bei ya chini ilifunga mdomo wa wengi.

Halafu Aspergillus niger. Nenda jikoni, chukua kitunguu kilichokaa, angalia yale masizi meusi katikati ya maganda. Mara nyingi ni huyo. Jina lake kamili ni Aspergillus niger Tiegh., mwaka 1867. Alimkuta kwenye kazi ya tanini, ule ukakasi wa magome na majani, akaonyesha kwamba tanini haigeuki kuwa asidi ya galiki yenyewe, inageuzwa na huyu fangasi. Miaka hamsini baadaye Mmarekani James Currie akaonyesha kwamba fangasi huyohuyo akilishwa sukari anatoa asidi ya sitriki kwa wingi. Leo sehemu kubwa kabisa ya asidi ya sitriki duniani inatoka kwake. Mnywa soda yeyote humu amekwisha kunywa jasho la Aspergillus niger.

Kata Shina

Mzee umenipunguzia kazi. Niongeze mwaka 1878: Leuconostoc, jenasi nyingine ya kwake, safari hii bakteria. Viwanda vya sukari vya Ufaransa vilikuwa vinasumbuliwa na uteute mzito unaojaza mapipa na kuziba mabomba. Alionyesha kwamba uteute ule ni kiumbe anayekula sukari na kujijengea ganda la ute. Kitu kinachotengeneza ule ute kinaitwa dekstrani, na ndicho kinachowaumiza kichwa watu wa viwanda vya miwa mpaka leo, miwa ikikatwa ikachelewa kusagwa. Hospitalini nako dekstrani ilikuja kutumika kwenye dripu za kushikilia damu ya mgonjwa aliyevuja sana.

Kuna jambo moja la fangasi alilopotoka. Mwaka 1876 alibisha kwamba kundi la fangasi liitwalo Askomaiseti lina uzazi wa jinsia. Mjerumani de Bary alisema lipo, Van Tieghem akasema hakuna. De Bary alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Dogo wa PCB

Mkuu, mimi nasubiri stele. Mwalimu alituambia "stele ni kila kitu kilicho ndani ya endodemisi", tukaandika, tukageuza ukurasa. Sikuwahi kuelewa kwa nini mtu ahitaji neno la hivyo wakati zailemu (mirija ya maji) na floemu (mirija ya chakula) zipo.

Kata Shina

Swali zuri kuliko maelezo niliyokuwa nimeandaa.

Turudi 1870 na 1871. Ufaransa inapigana na Wajerumani, Paris inazingirwa. Kipindi hichohicho Van Tieghem anachapisha sehemu ya kwanza ya utafiti mrefu kuhusu ulinganifu wa muundo wa mimea yenye mishipa, na sehemu hiyo yote ni mzizi. Alikata mizizi ya mimea mingi, ya makundi mbalimbali, akauliza swali moja tu: vitu vimekaa wapi ukilinganisha na katikati?

Jibu lake, Dogo, ndilo hili unalolichora kwenye mtihani. Kwenye shina changa, zailemu na floemu ziko kwenye mstari mmoja kutoka katikati kwenda nje, zailemu ndani, floemu nje, zimeshikana kama fungu. Kwenye mzizi hazikai mstari mmoja. Zinapishana: mkono wa zailemu, pembeni yake floemu, tena zailemu, tena floemu, kuzunguka. Tena kwenye mzizi zailemu ya kwanza inakomaa upande wa nje na inayofuata inakomaa kuelekea ndani, wakati kwenye shina la mimea inayotoa maua mwelekeo ni wa kinyume. Ukipewa kipande kidogo kilichokatwa cha mmea usioujua, kwa alama hizo mbili unasema huu ni mzizi, hili ni shina. Kabla yake watu walibishana kwa sura ya nje, na sura ya nje inadanganya. Tangawizi imelala ardhini, lakini ni shina.

Sasa ugumu. Kama mzizi na shina vinatofautiana hivyo, vinaunganikaje? Mmea ni mmoja, mzizi unapanda juu unakuwa shina. Vitabu vya wakati ule, hasa vya Kijerumani, vilihesabu tishu kwa mafungu: kuna ngozi, kuna mafungu ya mishipa, na kilichobaki ni tishu ya kujaza. Kwa hesabu hiyo uboho wa katikati ya shina na nyama ya nje ni kitu kimoja, na kila fungu la mishipa linajitegemea. Ukitazama hivyo, mzizi na shina havilingani.

Mwaka 1886, akiwa na msaidizi wake Henri Douliot, Van Tieghem alibadilisha kipimo. Acha kuhesabu mafungu, alisema. Kila kilicho katikati, yaani uboho, mafungu yote, tishu zilizo kati ya mafungu, na tabaka jembamba la nje linaloyazunguka, hicho kwa pamoja ni kiungo kimoja: nguzo. Neno la Kigiriki la nguzo ni stele, akalichukua. Tabaka lile la nje la nguzo alikuwa ameshalipa jina la perisaikeli mwaka 1882. Nje yake kuna endodemisi, ambayo ni tabaka la ndani kabisa la koteksi, ile nyama ya nje. Sasa mzizi na shina vina ramani moja: ngozi, koteksi, nguzo. Nguzo inapita katikati ya mmea kama utambi wa mshumaa, na kinachobadilika kutoka mzizi kwenda shina ni mpangilio wa vilivyomo ndani ya nguzo.

Ndiyo maana neno linahitajika, Dogo. Zailemu na floemu ni tishu. Stele ni sehemu ya mwili wa mmea, na sehemu unaweza kuilinganisha kati ya mmea na mmea, hata mmea uliokufa ukawa jiwe miaka milioni mia tatu iliyopita. Watu wa visukuku waliipokea hoja hii kwa mikono miwili, maana kwenye jiwe maua hayapo na majani yamepukutika, lakini nguzo mara nyingi imehifadhika vizuri.

Dogo wa PCB

Daah. Miaka miwili nimeibeba hiyo kitu bila kuielewa. Na perisaikeli kazi yake nini? Tunaambiwa tu "hapo ndipo mizizi ya pembeni inapoanzia".

Kata Shina

Na hiyo siyo "tu". Tawi linachipuka kwenye ngozi ya nje ya shina, juu kabisa. Mzizi wa pembeni unaanzia ndani, kwenye perisaikeli, halafu unatoboa koteksi nzima mpaka utoke. Pasua karoti kwa urefu uone nyuzi zinazotoka kwenye kiini kwenda nje, hizo ni njia za mizizi ya pembeni. Van Tieghem na Douliot walitoa kazi nzito mwaka 1888 juu ya jambo hilo pekee, viungo vinavyozaliwa ndani ya mmea, wakiipitia familia moja baada ya nyingine. Ukiisoma unachoka. Ni ushahidi juu ya ushahidi, bila mapambo. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Huyu Douliot habari yake fupi. Aliondoka kwenda kuchunguza pwani ya magharibi ya Madagascar mwaka 1891, akafariki 1892, umri miaka 33 hivi. Shajara ya safari yake ilichapishwa Paris baada ya kifo chake.

Mzee wa Maabara

Lakini tuseme haki, nadharia ya stele haikubaki kama alivyoiacha.

Kata Shina

Kweli. Aliona kwenye makangaga mengi na kwenye Selaginella, mmea mdogo ulio jirani na makangaga, kuna nguzo kadhaa ndani ya shina moja, akasema hiyo ni hali ya stele nyingi. Waliomfuata, Edward Jeffrey akiwa mbele, walionyesha kwamba kwenye makangaga ni heri kuiona kama nguzo moja yenye uwazi, iliyotobolewa na matundu mahali majani yanapochomoza. Na shina la mahindi, ambalo mafungu yake yametawanyika ovyo, lilimsumbua yeye na linaendelea kuwasumbua wengine. Lakini angalia: waliomsahihisha wote wametumia neno lake na kipimo chake kumsahihishia.

Kata Shina

Vyeo nivimalize upesi maana havina utamu. Mwaka 1874 alitoa kwa Kifaransa kitabu kikubwa cha botania cha Mjerumani Julius Sachs, na kukijaza maelezo yake mwenyewe. Fikiria, vita na Wajerumani vimekwisha miaka mitatu tu, Ufaransa imenyang'anywa Alsace, na yeye anawaambia wanafunzi wa Kifaransa wasome kitabu cha Mjerumani kwa sababu ndicho kilicho bora. Mwaka 1884 akatoa cha kwake. Tangu 1878 hadi kufa alikuwa profesa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia, Paris, kwenye kiti alichokiacha Adolphe Brongniart. Mwaka 1899 alikuwa rais wa Akademia ya Sayansi.

Mwaka 1908 akawa katibu wa kudumu wa Akademia hiyo upande wa sayansi za maumbile. Hiki cheo kilikuwa kama kina mkosi. Berthelot alifariki nacho Machi 1907. Lapparent akakipokea, akafariki Mei 1908. Becquerel, yuleyule wa mionzi, akakipokea, akafariki Agosti 1908. Van Tieghem akakikalia akiwa na miaka 69, na akakaa nacho mpaka tarehe 28 Aprili 1914.

Mchungwa wa Muheza

Mimi siyo msomi wa hayo, nimeingia kwa sababu ya neno kirukia. Michungwa yangu imevamiwa. Ukikata kinarudi. Huyo Mfaransa alisema nini juu ya dawa?

Kata Shina

Mkuu, dawa hakutoa, ila anatomia yake inakujibu kwa nini kinarudi. Kirukia hakijagandishwa juu ya ganda. Kimeingiza kiungo cha kunyonyea ndani ya tawi hadi kwenye zailemu ya mchungwa, kinavuta maji na madini yako. Chakula kingine kinajitengenezea, ndiyo maana kina majani ya kijani. Ukikata kile kinachoonekana, kilichobaki ndani ya tawi kinachipua upya. Kata tawi lenyewe, kama futi moja kutoka kwenye uvimbe kuelekea shina kuu, na ukate kabla hakijazaa. Mbegu ina gundi, ndege anakula tunda, anaifuta mdomo au anainya kwenye tawi lingine, inanata hapo na kuota. Kama kimeshika shina kuu, hapo pole, utachagua kati ya mti na kirukia.

Mchungwa wa Muheza

Nimekupata. Kumbe nilikuwa nanyoa nywele.

Kata Shina

Sasa tufike kwenye kiini cha uzi.

Miaka ya 1890 Van Tieghem, akiwa mtu mzima mwenye jina, aliingia kwenye virukia. Kilichomvuta ni kile kile, mambo ya ndani. Kitabu cha shule kinasema ndani ya ovari kuna vijiyai, kijiyai kikirutubishwa kinakuwa mbegu, na ngozi ya kijiyai inakuwa ganda la mbegu. Virukia vinavunja kanuni hiyo. Ndani ya ovari hakuna kijiyai cha kueleweka. Mfuko wa kiinitete unakaa moja kwa moja kwenye tishu ya katikati, na kwa wengi unarefuka kupanda juu kuifuata chavua inakotoka. Mbegu nayo haina ganda la kawaida, imezungukwa na ile gundi. Kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anauliza "ndani kumepangwaje?", hii ilikuwa karamu.

Mwaka 1894 na 1895 alichukua kile ambacho watu wengi walikiita Loranthus, jenasi moja kubwa kama gunia, yenye spishi mamia kutoka Afrika, Asia na kwingineko, akaifumua. Aliangalia maua yake, namna petali zinavyopasuka na kujikunja, namna chavulio zilivyogawanyika vyumba ndani, umbo la ncha ya chipukizi la ua, vinyweleo. Akatoa jenasi kwa makumi. Phragmanthera ni wale wenye chavulio zenye vyumba. Globimetula ni wale ambao chipukizi la ua limevimba kichwani. Moja akaiita Englerina kwa heshima ya Adolf Engler wa Berlin, ambaye wakati huohuo alikuwa anaorodhesha mimea ya koloni la Wajerumani Afrika Mashariki. Nyingine Oliverella, kwa Daniel Oliver wa Kew, bustani ya mimea ya London.

Engler alipokea heshima, lakini jenasi hakuzipokea. Akazirudisha ndani ya Loranthus kama vikundi vidogo. Waingereza nao, kwenye kitabu chao kikubwa cha mimea ya Afrika ya kitropiki mwanzoni mwa karne ya 20, wakabaki na Loranthus ileile. Na yeye mwenyewe aliwapa sababu. Hakuishia kwenye jenasi, alizidisha familia, akapanga mimea yote yenye maua kwa kufuata kijiyai: wenye kijiyai na wasio nacho, wenye ngozi moja na wenye mbili, wenye kiini kinene na chembamba. Mpango wenyewe, uliokamilika 1901, hakuna anayeufuata. Mwaka 1902 akaifanyia familia ya Ochna vivyo hivyo, akaikatakata mpaka ikawa makombo, na makombo mengi yamefagiliwa. Kwa hiyo waliomkwepa hawakuwa wajinga. Waliona mzee anakata kila anachokishika.

Ila kwenye virukia vya Afrika alikuwa sahihi. Mholanzi Danser alizifufua kadhaa mwaka 1933. Wanabotania Polhill na Wiens walipotoa kitabu chao cha virukia vya Afrika mwaka 1998, baada ya kuviangalia porini pamoja na ndege wanaovitembelea, jenasi za Van Tieghem zilisimama moja baada ya nyingine. Leo Loranthus ni jina la mimea michache ya Ulaya na Asia, Afrika haimo. Zile tofauti za petali na chavulio alizoziona kwenye mimea iliyokaushwa zina maana porini: ua linafunguka kwa kufyatuka pale ndege aitwaye chozi anapoingiza mdomo, linamrushia chavua kichwani, na kila jenasi ina mtindo wake wa kufyatuka.

Sina Presha

Yote sawa mkuu, lakini mtu amekaa Paris, anabatiza mimea ya kwetu majina ya marafiki zake wa Berlin na London. Wazee wetu waliijua mimea hiyo kabla Bailleul haijawa na umeme. Tunasherehekea nini hapa?

Kata Shina

Sisherehekei ubatizo, Presha. Hoja yako naikubali kwa sehemu kubwa: mimea ile ilitolewa na watu waliowaonyesha Wazungu njia na mti, na majina yao kwenye lebo hayapo. Ninachosifu ni uchambuzi. Kwamba virukia unavyoviona Muheza na vile vya Dodoma ni jamii tofauti kabisa ni ukweli, hata angezipa jenasi namba badala ya majina.

Mwana wa Mkoani

Assalaam aleikum jamaa. Mie nna la kuchangia hapo kwa Presha. Kwenye ile familia ya Ochna anayoisema mleta uzi, kuna kichaka cha misitu ya pwani yetu, Tanzania na Kenya, sayansi inakiita Campylospermum sacleuxii. Jenasi ni ya Van Tieghem, na hilo la pili pia alilitoa yeye. Sacleux ni padri Charles Sacleux, wa Zanzibar na Bagamoyo, yule wa kamusi. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris 1939 nimeipitia kidogo: imejaa majina ya miti kwa Kiswahili cha watu wa pwani, lahaja kwa lahaja, na jina la kisayansi pembeni. Kwa hiyo mimea ilikwenda Paris kwa Van Tieghem na wenzake, na majina ya wazee wetu hayakupotea, yaliingia kamusini. Majina ya wazee wenyewe ndiyo hayamo, hapo Presha kasema kweli.

Kata Shina

Ahsante sana sheikh. Sacleux nilimsoma kama mtu wa lugha, kumbe amekaa kwenye nusu ya makabati ya mimea ya pwani.

Sina Presha

Haya, nimeshuka kidogo. Niko Dodoma, nje kuna mgunga umejaa hivi vitu. Maua marefu membamba, yamepinda, mekundu yanaelekea njano, petali zimejiviringisha zikarudi nyuma zote. Hiyo ni ya huyo babu au siyo?

Kata Shina

Juu ya mgunga, nchi kavu, ua limepinda na petali zimejiviringisha: anza na Plicosepalus. Ni yake, ya 1894. Ile ya kawaida kwenye migunga ni Plicosepalus curviflorus, lakini kuna nyingine inayofanana nayo, kwa hiyo piga picha ya jani na chipukizi la ua ambalo halijafunguka. Usiliguse ua lililokomaa, litafyatuka kabla hujapiga.